Sumaku ya Baba Mina

Mashine ilipunguza kifafa cha Mina, ikala sauti yake. Hiyo ndiyo shida yenyewe.

Mina alizaliwa na ubongo usiokua kama wa wenzake. Alipofika miaka saba alijua kutembea, kushika kijiko, na neno moja: "Tate." Yaani, baba. Kifafa kilipozidi, kikawa kinamwangusha hata mezani, uso ndani ya bakuli la mtindi, madaktari wa jiji la Sofia walimpasua. Wakampandikiza kimashine kifuani chini ya ngozi, waya wake wakauzungusha kwenye mshipa wa fahamu shingoni. Kila baada ya dakika chache kinausisimua ule mshipa, na kikiusisimua, koo linakaba. "Tate" ikawa mkwaruzo. Baadaye Mina akaacha hata kujaribu.

Krastyo, baba yake, aliendesha kreni ya sumaku kwenye yadi ya vyuma chakavu, mjini Pernik. Daktari alipompa kisumaku cha kuvaa mkononi kama saa, Krastyo alicheka.

"Kifafa kikianza, kipitishe haraka kifuani, mashine itaongeza nguvu," daktari alisema. "Ukikishikiza hapo, mashine inalala. Usikishikize ovyo."

"Daktari, mimi nimekula mkate wa sumaku tangu sijaota ndevu. Leo unanifundisha sumaku?"

Tarehe mosi Machi, Radka alimfunga binti yake uzi mwekundu na mweupe mkononi, wa kuombea afya. Krastyo akawatazama, akasema, "Leo nataka aniite."

Radka akainua kidevu: hapana. "Baba Mina, huyo si chuma chakavu. Humzimi na kumwasha."

"Mchana mmoja tu. Wewe umeridhika kuishi na bubu?"

"Nimeridhika kuishi na mtoto."

"Haya, kaa na kuridhika kwako."

Radka akaenda zake zamu kwenye kiwanda cha mikate. Mlango ulipofungwa tu, Krastyo akakibandika kisumaku kifuani mwa Mina kwa plasta. Akamkatia kipande cha banitsa, andazi la jibini, akangoja. Mina akala, akalamba vidole, akamtazama.

"Tate."

Neno lilitoka safi, halina hata kovu. Krastyo akaangua kilio. "Sema tena, roho ya baba."

"Tate."

Hapo ndipo angepaswa kuibandua plasta. Akajiambia, bado kidogo. Kule yadi, bado kidogo imeshaondoka na vidole vya watu.

"Tate," Mina akasema, na macho yakageuka juu.

Krastyo akaing'oa plasta kwa kucha. Akapitisha kisumaku kifuani, akapitisha tena, akapitisha mpaka ngozi ikaiva. Mwili wa mtoto uliendelea kugonga sakafu hadi gari la wagonjwa likafika, na ndani ya gari ukaendelea.

Radka aliwakuta hospitali, nywele zimejaa unga.

"Ulimzima?"

"Aliniita, Radka."

"Nimekuuliza, ulimzima?"

Akatikisa kichwa kulia na kushoto, ambayo kwao ni ndiyo.

Walimrudisha Mina nyumbani miplamu imeshachanua. Ule uzi, ambao watu huuvua na kuutundika kwenye mti uliochanua, Radka hakuufungua. Anamlisha mtoto kwa mkono wake, na mumewe hamsemeshi.

Kutembea kumebaki, kwa kushikwa. Kijiko kimekwenda. Neno limekwenda, hata ule mkwaruzo.

Krastyo aliitwa "Tate" mara tatu.