Kandambili Nyekundu

Kwa wiki mbili Madoka Hirasawa alikuwa akifundisha historia kwa mazoezi katika sekondari aliyosoma mwenyewe, wala hakuna mwanafunzi aliyemsemesha. Waliinama kwa heshima, wakanyamaza. Mchana alikula wali wake peke yake katika chumba cha wageni. Kesho ingekuwa siku yake ya mwisho, na alitamani jambo moja tu: mtu mmoja amwambie neno asiloulizwa.

Siku hiyo alikuwa katikati ya somo alipoona macho ya darasa zima yameshuka sakafuni. Naye akatazama. Miguuni alikuwa na kandambili nyekundu za chooni, ambazo kwa desturi huvaliwa humo tu na hazivuki kamwe mlango wa choo. Viatu vyake vya kuvalia ndani ya shule alikuwa amevisahau huko. Uso ukamwiva kwa aibu.

"Mwalimu," alisema Sayo, msichana wa dawati la nyuma, "hizo zimekuzoea kuliko sisi."

"Angalau zimekubali kuandamana nami," Madoka alijibu kabla hajajizuia.

Darasa likacheka. Kisha kengele ikalia, wakatawanyika kwenda kufanya usafi, kila mmoja na tambara lake, naye akabaki peke yake tena.

Alipozirudisha kandambili chooni, alikuta viatu vyake, alivyoviacha ovyo, vimepangwa pamoja, ncha zikielekea nje, tayari kuvaliwa. Kando yake Sayo alikuwa akisugua sakafu, bila kuinua kichwa.

"Kesho usivisahau, mwalimu. Sitakuwa na zamu ya choo."

Madoka alivivaa taratibu, asitake kumaliza upesi.