Posa ya Ashgrove

Njia nzima kutoka Lewisville hadi Houston, Vicent alimsihi mshenga wake wafanye mazoezi ya maneno ya posa. Method, mhasibu na Mtanzania mwenzake, alimjibu kwa historia ya Ashgrove, gari walilopanda. Gari lilikuwa lake, la mtumba, limesuguliwa mpaka ungeweza kujitazama mlangoni pake ukinyoa ndevu, na kampuni iliyoliunda aliipenda kana kwamba ana hisa ndani yake.

"Tulia, mdogo wangu," alisema. "Posa ni kuzunguka. Huwezi ku-knock mlango wa watu ukasema nataka binti. Tunaanzia mbali, halafu tunatua taratibu."

Vicent hakutulia. Mzee Tharcisse, baba yake Zoé, binti waliyekwenda kumposa, alikwishamrudisha mposaji mmoja hata chai hajanywa, na Zoé alikuwa amesema wazi kwamba bila ridhaa ya baba haolewi. Leo ndiyo leo. Na kwa mila, Vicent mwenyewe hakutakiwa kufungua mdomo.

Walipofika Gulfton, mtaani kwa akina Zoé, watoto wa ghorofa zote walilizunguka gari kabla wenyewe hawajashuka. Ndani, Mama Anastasie, mama yake Zoé, akawaketisha kwenye kochi, mkabala na mumewe.

"Bon," akasema Mzee Tharcisse kwa Kiswahili chake cha Kongo. "Bageni betu, munatoka mbali. Mumeletwa na nini?"

Method akakohoa. "Mzee wangu, tumeletwa na Ashgrove."

Akaanzia mbali kweli. Akaanzia Uingereza, kwa mwana wa fundi saa aliyeunda gari la kwanza kwenye banda la kuku. Akapita kwa malodi, makabaila wa huko, waliodai viti vya ngozi ya ng'ombe asiyewahi kuchomwa na mwiba. Akaingia vitani, kampuni ikiunda injini za ndege. Kila Vicent alipodhani sasa anatua, Method alipaa tena. Wafanyakazi waliogoma na kufukuzwa aliwaruka. Watu kama hao huwa hawamo kwenye historia kama hizo, ingawa gari halikujiunda lenyewe.

"Na matairi?" Mzee Tharcisse akauliza kwa upole.

"Matairi, mzee?"

"Hao malodi bako balitembea juu ya nini? Mpira ulitoka kwetu Kongo. Batu bakakatwa mikono. Hiyo sura hukuisoma?"

Method akakiri: "Hiyo... brosha haikuigusa."

"Voilà. Endelea, endelea. Inapendeza."

Na Method, Mungu amsamehe, akaendelea! Alipowafikia matajiri wapya walioinunua kampuni, Mama Anastasie akamgeukia mumewe.

"Papa Zoé, mi nimeelewa. Hawa banatuletea posa ya motoka. Inatoka familia nzuri, imefika hata vitani. Sasa hiyo motoka itaoa nani hapa?"

Wenyeji wakacheka.

"Huyu mtoto wetu naye ana historia," Mzee Tharcisse akasema, uso ameukaza. "Nani ataisema?"

Method hakuwahi kumwona Zoé hata siku moja. Vicent akaona jambo lake linatoka mlangoni, akaiweka mila kando.

"Alizaliwa kambi ya wakimbizi, Nyarugusu, mzee, mvua inanyesha, jirani akang'oa turubai lake ili afunikwe. Sasa anatunza wazee. Anakula amesimama, kwa sababu wagonjwa wake hawasubiri. Akikasirika anaongea Kifaransa, nami sikijui, kwa hiyo huwa naomba msamaha kwa yote. Anataka kusomea unesi, sitamzuia. Mengine sijui. Nataka kuyajua."

Mzee Tharcisse akamgeukia Vicent.

"Ungekuja peke yako," akasema, "tungekuwa tumekwisha kula."

Kisha akamwita binti yake na kumwuliza, kama binti yeyote anavyoulizwa siku ya posa, na kumjua mgeni ndiko kumkubali: "Hawa bageni, unabajua?"

Zoé alisimama kwenye mlango wa jikoni, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Huyu namujua, papa. Huyu wa motoka, hapana."

Mama Anastasie akapiga kigelegele kabla Method hajapata pa kuficha uso.