Kiti cha Mzee Alute

Mwalimu Leonidas alikuwa na ugonjwa wa Kiingereza. Darasa la watu wazima pale Mungaa lilikuwa la kusoma na kuandika Kiswahili, lakini yeye hamalizi kipindi bila kuchomekea msemo wa wakoloni. Wiki ile ulikuwa "in the limelight". Zamani, aliwaambia, Waingereza walichoma chokaa mpaka ikatoa mwanga mkali, wakammulika mchezaji mmoja jukwaani. Siku hizi chokaa imeachwa ila msemo umebaki, na husemwa juu ya mtu ambaye macho ya wote yako kwake.

Mwanafunzi wake Klara aliuweka moyoni, maana macho ya watu aliyahitaji kweli. Mwaka ule wa 1974 mvua ilikuwa ya kubahatisha, na mtama wa shamba la kijiji ulikauka wote isipokuwa kipande alicholima yeye. Alikuwa ameyaunganisha matuta kwa vituta vidogo ili maji yasikimbie. Bwana shamba akaja kutoka wilayani, akaitisha mkutano. Aliyebuni matuta yale asimame mbele aeleze, naye ndiye atakayekwenda mafunzo ya miezi mitatu mjini Singida. Asipojitokeza mtu, nafasi itapelekwa kijiji kingine.

Shida ilikuwa moja tu. Kwenye viti vya mbele, akiwaelekea watu, alikaa Mzee Alute, baba mkwe wake. Na mwanamke wa Kinyaturu hasimami usoni pa baba mkwe akapaza sauti. Hata njiani humpisha kwa mbali. Klara akainamisha kichwa. Leonidas, mtu wa kuja, alimkonyeza mpaka jicho likachoka.

Bwana shamba akauliza mara ya pili. Mwenyekiti Bonifasi akasema hii ni kazi ya wote, kijamaa, na watu wakatazama chini kwa aibu, kwani kila mmoja alijua kipande ni cha nani. Mgeni akafunga daftari lake.

Hapo Mzee Alute akainuka. Wengi walidhani amekasirika anaondoka. Akakishika kiti chake, akakigeuza, akaketi tena akiupa mkutano mzima mgongo.

"Mimi natazama ng'ombe," alisema.

Upande ule hapakuwa na ng'ombe hata mmoja. Klara akajifunga kanga vizuri, akaenda mbele.