Kola ya Vidole Vinne

"Tulia! Limeiva hili," shangazi alisema, na kabla sijajibu kucha zake mbili zilikuwa zimeshazama shingoni mwangu.

Nilikuwa nimeinamishwa juu ya meza ya kukatia nguo, shavu kwenye chaki na vipande vya uzi, mama akinishika mabega. Kitu kikapasuka. Ikatoka harufu ya maziwa yaliyosahaulika, na shangazi akacheka kwa ushindi kama mtu aliyemtoa panya shimoni. "Takataka zote hizi mtoto amezibeba miaka minane! Kwisha habari yake."

Haikwisha. Nilikuwa na miaka kumi na minane, na leo nimepita arobaini, lakini nikikumbuka kicheko kile bado natamani kumzaba mtu kofi.

Uvimbe ulianza nikiwa na miaka kumi, nyuma ya shingo, mdogo kama punje ya dengu, na kitone cheusi juu yake. Haukuuma. Mama alikuwa fundi cherehani, tena hodari. Akautazama, akanishonea shati la shule lenye kola iliyopanda vidole viwili shingoni. Uvimbe ulipofikia ukubwa wa harage, kola ikawa vidole vitatu. Kufika sekondari nilikuwa navaa vidole vinne vya kitambaa kigumu, jua linawaka, jasho linatiririka, na wenzangu walishanipachika jina. "We Kola, geuka tukuone!" Na hilo pia lilikuwa tusi, maana ndani ya kola ile shingo yenyewe haikugeuka.

Hakuna aliyetamka hospitali. Majirani walisema unaambukiza, wakanitengea kikombe. Shangazi akasema ni uchafu wa damu. Kila mtu alikuwa na utaalamu wake, na daktari ndiye peke yake ambaye hakuulizwa.

Siku ya tatu baada ya kukamuliwa, shingo ilikuwa imevimba hadi sikioni, inawaka moto, na mwili wote una homa. Niliaga naenda shule, nikaenda zahanati peke yangu.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake imeungwa kwa uzi. Alinifungua vifungo vya kola, akainama, akauliza swali moja.

"Nani aliukamua?"

"Shangazi."

Akashusha pumzi. "Mwambie shangazi hili si jipu. Ni kifuko kilicho chini ya ngozi, kinajijaza chenyewe. Ukikamua, umemwaga maji, mtungi umebaki. Utajaa tena. Na safari hii mmeutia na wadudu."

"Ni saratani?" nilinong'ona. Neno hilo halikutamkwa nyumbani kwetu tangu bibi mzaa mama alipofariki.

"Hapana, mwanangu. Nikiutoa nitautuma ukapimwe, ndio utaratibu, lakini moyo wako utulie."

Siku ile alitoa usaha tu, akanipa dawa, akataka nirudi baada ya wiki sita, shingo ikishatulia. Niliporudi alinichoma ganzi, akakitoa kifuko kizima, akanishona, akanionyesha ndani ya kisahani: kitu cheupe, kidogo kuliko kitunguu saumu. Nilitazama saa ya ukutani. Nusu saa na nyuzi tano, kwa jambo lililokula miaka yangu minane!

Mama aliiona bandeji. Asubuhi alinifunga kola juu yake.

Siku bandeji ilipoondolewa, majibu ya kipimo yakiwa safi, nilirudi nyumbani moja kwa moja kutafuta mkasi. Kwenye droo ya cherehani, chini kabisa, nikakuta furushi la kola. Mpya, zimekatwa, zimepigwa pasi. Nikazipima kwa vidole vyangu. Tano. Sita. Moja ilikuwa saba.

Mama akanikuta nazo mkononi.

"Ulijua uvimbe utakua," nikamwambia.

"Nilijua."

"Ukakaa hapa unakata vitambaa! Zahanati iko nyuma ya shule, mama!"

Akakaa kwenye kiti chake, mikono mapajani. "Bibi yako naye alianza na uvimbe. Tulimpeleka. Walichotuambia siku ile, sikutaka kukisikia tena."

Labda ningemhurumia. Sikumhurumia. "Woga ulikuwa wako," nikasema, "ila aliyeuvaa ni mimi."

Alichukua wembe wa kufumulia, akaanza na shati la shule, akaja kwenye gauni la kutokea, akamaliza nguo zangu zote za sandukuni. Kola zikalundikana sakafuni. Shangazi alipita, akauliza kulikoni, mama akaendelea kufumua. Mwishowe mama akaninyooshea shati lililopindwa shingo kwa mkono, kwa ule mshono mdogo mdogo aliowawekea wateja wake wakubwa.

"Vaa nikuone."

Hakuomba msamaha, wala mimi sikumpa. Nilivaa. Kisha nikamgeuzia mgongo, nikainamisha kichwa, nikasimama hapo mpaka nikawa na hakika amezihesabu nyuzi zote tano.