Kitambaa cha Juu ya Televisheni

Mume wa dada yangu mtaa mzima unamwita Kamusi. Jina hilo alijipa mwenyewe, kisha akangoja watu walizoee. Wakalizoea. Watu huzoea lolote likisemwa kwa sauti nzito.

Kila jioni kulikuwa na mchezo wa maswali kwenye televisheni, yale maswali magumu ya kumtoa mtu jasho, na sebule ya dada ilijaa. Fundi cherehani wa jirani alikuja na stuli yake. Mama alikaa mkekani, mguu ameunyoosha, maana kidole gumba cha mguu kilikuwa na kidonda kisichotaka kupona. Kamusi alikaa kiti cha mbele. Mtangazaji akiuliza ni mnyama gani mwenye mioyo mitatu, mshiriki wa watu anakuna kichwa, anatazama dari kama vile jibu limening'inia huko, na Kamusi anasema taratibu huku akichokonoa meno, "Pweza." Na kweli ni pweza. Sayari ipi siku yake ni ndefu kuliko mwaka wake? "Zuhura. Hilo nalo la kuuliza?"

"Huyu si mtu," fundi alisema. "Hii ni maktaba yenye miguu."

Dada alitabasamu utadhani amemzaa yeye.

Basi siku moja likaulizwa: mfupa mdogo kuliko yote mwilini uko wapi? Kamusi akajibu swali halijaisha. "Sikioni." Watu wakaguna. Anayejua mfupa uliojificha ndani ya sikio atashindwaje na kidole kilicho wazi? Ndivyo walivyowaza, kama yale yalikuwa mawazo. Jioni ileile dada akamwomba mumewe amtazame mama. Akamtazama. Hakuinama hata kidogo; alikitazama kidole kutoka kitini, kama mtu anayetazama saa ya ukutani.

"Damu chafu hiyo, inatafuta njia," alisema. "Maji ya moto na chumvi, asubuhi na jioni. Hospitali msiende, watakata mguu mzima."

"Tungempeleka tu aonwe," nilisema.

"Shemeji," akaniambia kwa upole, ule upole wa kumpa mbuzi majani, "wewe uliishia darasa la saba. Tuachie sisi."

Ni kweli niliishia darasa la saba. Lakini pua haiendi shule, na yangu ilisikia harufu ya kile kidole kila nilipokifunga. Maji yalikuwa ya moto hata mimi nikashindwa kutia mkono, mama akatia mguu akaendelea na hadithi yake. Hakusikia chochote. Hapo ndipo nilipoogopa. Nikimwambia twende hospitali, jibu lilikuwa moja: "Mkwe wangu ameshasema."

Mimi kazi yangu ni kuosha vichwa kwa kinyozi, barabara ya nyuma. Yeye ananyoa, mimi naosha, nakausha, nafua taulo. Ukutani kuna televisheni. Mchana, ofisi zikitoka kula, Kamusi alikuwa anaingia, anakaa kwenye benchi la wanaosubiri.

"Bwana," kinyozi alimuuliza siku moja, "kichwa chako hakina nywele. Unasubiri nini?"

"Nasubiri ziote."

Alichokuwa anasubiri ni mchezo wa maswali. Ulionyeshwa mchana kwanza. Wa jioni ulikuwa uleule unarudiwa. Alitazama midomo ikimcheza, kama mtoto anayekariri hesabu za kuzidisha. Pweza, pweza. Zuhura, Zuhura. Kisha huyo, ofisini. Nami nilikuwa palepale, mikono ndani ya povu. Hakunificha. Nani anajificha mbele ya taulo?

Nyumbani sikusema. Ungekuwa ubishi wa Kamusi na darasa la saba, na mshindi alishajulikana. Nikawa natazama tu. Na kwa kutazama nikakiona kitambaa.

Televisheni ya dada ni ile ya zamani yenye chogo, na juu yake palikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma, kazi ya mama. Vitambaa vya watu hukaa katikati. Hiki kilikaa upande, ncha yake imeshuka mpaka kwenye kioo, kona ya juu. Dada akikiweka sawa, Kamusi anakirudisha. "Mume wangu anapenda mapambo," dada alisema. Mimi kona ile naijua. Kwa kinyozi, mchana huwa tupu. Jioni huandikwa neno.

Siku yangu ya mapumziko nikafua. Nikafua mapazia, foronya, na kitambaa humohumo.

Jioni Kamusi akaingia, akasimama. "Kitambaa kiko wapi?"

"Kambani, shemeji. Kilishika vumbi."

"Kilete."

"Kinachuruzika."

Akavuta kiti hadi kwenye televisheni, akaweka kiwiko juu yake, mkono ukaning'inia mbele ya kioo.

"Kamusi, mkono huo," fundi akasema. "Mtangazaji tunamwona nusu."

Akautoa. Fundi husoma kwa sauti kila anachokiona, hata mabango ya dukani. "Ma-ru-di-o. Marudio ya nini?"

"Hilo ni jina la kampuni," Kamusi akasema.

Na fundi akaitikia kwa kichwa. Dada naye akaongeza, "Kampuni kubwa hiyo." Nilijiuma ulimi nisicheke.

Mama ndiye aliyegeuka. "Marudio si kitu kilichokwisha kuonyeshwa?"

"Ndiyo, mama," nilisema. "Huonyeshwa mchana. Shemeji hukitazamia kwetu, kwa kinyozi."

Mtangazaji aliuliza swali, na kwa mara ya kwanza sebule ile haikumjibu. Mama akauvuta mguu wake karibu.

"Na kidole changu, mwanangu," akamuuliza Kamusi bila ukali wowote, "wewe ulikionea wapi mara ya kwanza?"

Kamusi alifungua kinywa.

"Niandalie nguo zangu za kutokea," mama akaniambia. "Kesho mapema."

Daktari aliinama, nilihakikisha. Akauliza ni nani aliyetuambia maji ya moto, na dada akatazama sakafu. Kidole kikaenda. Mguu ukabaki, na daktari alisema tungeendelea kuukanda, nao ungekwenda.

Siku hizi mama ndiye anayekaa kiti cha mbele, mguu juu ya stuli ya fundi. Fundi anasema alijua tangu mwanzo. Kitambaa kiko katikati. Maswali yakianza, Kamusi bado hukohoa, hujiweka sawa, hufungua kinywa.

"Subiri, baba," mama humwambia. "Tumsikie anayeulizwa."