Sauti ya Pembeni ya Kamera

Kwa miaka mitatu, mimi na Callum Threlfall tuliongea habari za mapipa ya taka tu. Yeye anakaa juu, mimi chini, katika nyumba moja ya Walthamstow ambayo dari yake ni nyembamba mno. Akipiga chafya huko juu, najizuia nisimwambie afya.

Sura yake niliijua kabla hajahamia. Ilikuwa ubavuni mwa mabasi, kwanza amevaa koti, baadaye amevaa chupi peke yake, akiitazama London nzima kana kwamba tumemkosea. Alipofika miaka ishirini na minne, wenye matangazo wakapata mwingine, mtoto zaidi. Ndipo akaingia kwenye uigizaji. Miaka miwili imepita, na mpaka hapo alikuwa amecheza maiti mara mbili na mhudumu wa mkahawa mara moja. Yule mhudumu alikuwa na maneno mawili ya kusema.

Alhamisi moja asubuhi akanigongea mlango.

"Samahani Bi Pocock, una shughuli?"

"Nina miaka sabini na moja na mume wangu kafa. Shughuli gani?"

Akacheka kidogo, halafu akasimama pale kama amesahau alichofuata. Ilibidi nimuulize mara mbili ndipo akasema. Kuna tamthilia ya televisheni wanatafuta kijana. Siku hizi humwiti mtu ukamtazama. Mwigizaji anajirekodi nyumbani kwa simu na kuwatumia. Lakini lazima awepo mtu pembeni ya kamera wa kumsomea maneno ya mwenzake. Huyo haonekani, anasikika tu.

"Na marafiki zako?"

"Nimewapigia simu kumi na mmoja. Wote wamebanwa."

"Kumi na mmoja! Mimi hata wa kunikatalia sina."

"Mwisho ni Jumamosi, Bi Pocock. Na wakala wangu kasema nikiikosa hii, kila mtu na njia yake."

Kwake ilikuwa riziki. Kwangu, sifichi, ilikuwa mtu amegonga mlango na anamtaka Glenys Pocock, si mtu wa kusoma mita ya gesi. Nikavaa miwani.

Tukio lenyewe lilikuwa la jikoni. Kijana anamuaga mama yake, anahamia Kanada asirudi tena, na mama anamuuliza kama amekula. Mimi nimeuza tiketi na kutangaza treni kituoni miaka thelathini na minne, na sauti ya kazi haitoki mwilini kirahisi.

"Bi Pocock," akasema, amejishika kichwa, "mwanao anaondoka. Wewe unasoma kama treni ya Brighton imechelewa."

"Kwani lini haijachelewa? Endelea, mtoto mzuri, tuone na wewe unavyolia."

Alikuja Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Nilinunua biskuti zile nzuri, zenye chokoleti pande zote mbili. Usiku nilikariri maneno yangu, na ya kwake pia, na nikamgundua yule mama. Halii. Akilia tu kijana atabaki, na hataki abaki kwa huruma. Nilipomweleza Callum hivyo, akaniomba turudie.

Ijumaa nilimkaangia mayai. Alikula kama ametoka vitani.

"Watu wangapi wanalijua tumbo langu, Bi Pocock," akasema, "na wewe ndiye wa kwanza kunipikia tangu Krismasi."

Jumamosi tukarekodi. Sikulia. Yeye alilia, kweli kabisa, mpaka pua ikavuja kwenye ile sura ya mabasi. Akawatumia. Akanikumbatia mlangoni, na mimi sikumbuki mara ya mwisho kukumbatiwa ilikuwa lini.

Wiki ikapita. Nilisikia hatua zake zikishuka, zinatoka nje, hazisimami kwangu. Nikajiambia vijana ndivyo walivyo. Biskuti nikaziacha kwenye kopo.

Jumanne saa nne asubuhi nikasikia viatu vya kisigino vikipanda ngazi. Kisha juu ya meza yangu, kupitia darini, sauti ya msichana, laini, iliyosomea kazi hiyo:

"Umekula?"

Nilibaki na kikombe mkononi. Nikaelewa mara moja. Wamempenda yeye, hawakupenda treni ya Brighton. Wamemwambia arudie na mtu anayejua.

Niliumia. Sina neno la kulipamba. Na nilikasirika, maana yule msichana alilia. Kwenye mstari wa pili tu, alilia! Nikajikuta namjibu Callum mimi, taratibu, pale pale kwenye kiti, kila mstari wa mama nikiutoa kabla ya yule msichana, macho makavu. Walirudia mara sita. Nami mara sita.

Alhamisi akagonga, meno yote nje.

"Nimepata, Bi Pocock! Naenda kurekodi Cardiff Jumatatu, miezi sita!"

"Hongera, kijana."

"Ni ule mkanda tuliorekodi mimi na wewe. Ule ule. Wamesema hawajaona kitu kama kile."

Aliusema uongo huo bila kupepesa macho, mkono wake begani kwangu. Kama nisingekuwa na masikio ningemwamini. Nilitaka kumuuliza yule msichana anaitwa nani. Ilikuwa imefika ulimini. Lakini nilimwona anavyonitazama, anavyoomba nisiulize, na nikajua kwamba nikiuliza ataondoka akiwa na aibu, na mtu mwenye aibu hatumi hata kadi.

"Nilijua wataupenda," nikasema. "Si nilikuambia?"

Akanikumbatia tena. Nikasimama wima kwenye mikono yake, na hata aliponiachia, macho makavu, mpaka alipomaliza kupanda ngazi.