Sahani Saba za Sixten

Sixten alipotualika sisi majirani kahawa Jumamosi, nilijua kuna kuumbuka. Mzee yule hajawahi kuwasha oveni tangu azaliwe. Mpishi alikuwa mkewe, Vivi-Ann, na Vivi-Ann tulimzika mwezi wa pili.

"Mlimuuguza kwa zamu kipupwe kizima," aliniambia. "Nataka kuwashukuru kama ambavyo yeye angewashukuru. Nikiboronga, nimemwaibisha yeye."

Kwa Vivi-Ann, shukrani ilikuwa kahawa na biskuti za aina saba. Ndivyo tulivyolelewa sote hapa kijijini: zikipungua wewe bahili, zikizidi unajidai. Na mgeni sharti aonje kila aina, la sivyo amemdharau mwenye nyumba.

Aliyenitia hofu hasa ni jirani yetu Asta. Asta hana breki mdomoni. Aliwahi kuniambia mbele za watu kwamba biskuti zangu zinafaa kuezekea paa, na nilikuwa sijamsamehe.

Tukavua viatu mlangoni, tukaingia. Mezani palikuwa na kitambaa cha Vivi-Ann kimepigwa pasi, vikombe vyake vya maua, na sahani saba. Nikashusha pumzi. Kisha nikatazama vizuri. Sahani zilikuwa saba, biskuti aina moja tu. Ni zile za iliki, zimeungua pembeni, zimegawanywa kote.

Sixten alisimama na birika, masikio yamemwiva kwa aibu. "Nilijaribu na nyingine," akasema. "Zilinishinda. Karibuni hivyo hivyo."

Hakuna aliyenyoosha mkono. Nikamkanyaga Asta chini ya meza.

"Wee, unanikanyagia nini?" akasema kwa sauti. Akachukua biskuti ya sahani ya kwanza, akaitafuna taratibu, akashushia kahawa. Akachukua ya sahani ya pili.

"Hii imekolea iliki kuliko ile," akasema. "Hebu onja, shoga."

Nikaonja. Ilikuwa ile ile. "Tena hii laini," nikasema, na jino linaniuma.

Basi sahani zikaanza kuzunguka. Mmoja akaisifu ya tatu, mwingine akabisha kwamba haifiki popote kwa ya nne. Sixten alikuwa akitutazama, birika bado mkononi.

Asta alipofika ya saba alimgeukia mwenyeji. "Sixten, hii ni ya Vivi-Ann kabisa."

"Zote ni aina moja, Asta," mzee akasema.

"Kwani mimi sina ulimi? Najua. Umetushukuru, nasi tumepokea zote saba. Kaa sasa, unywe kahawa yako."

Akakaa kwenye kiti cha mkewe, akalia mbele yetu bila kujificha. Nilimmiminia mimi. Yale ya kuezekea paa nilimsamehe Asta palepale, na nikamshukuru Mungu kwa mdomo wake ule.